Kuzomea na Kuitikia: Habari za Watazamaji wa Zamani na wa Sasa

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, alinitajia mambo matatu ya kuchagua: ujenzi wa mabweni, michezo, au walimu wetu wa kwanza. Namwomba radhi, kwani sikuchagua hata moja. Nimechagua jambo ambalo halimo katika kumbukumbu za shule, ingawa wengi wetu tulikuwapo lilipotokea. Nataka kuandika juu ya watazamaji, yaani watu wanaokwenda kwenye ngoma, mchezo wa kuigiza, dansi au taarabu, na namna wanavyomtendea yule aliyesimama mbele yao. Nitaanza na usiku mmoja wa mwaka 1980, kisha nitakwenda mbali kidogo, na mwisho nitarudi Ufipa.

Usiku ule bwaloni

Wale waliokuwa shuleni miaka ile wanakumbuka hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Mafuta ya magari yalikuwa adimu, sabuni adimu, chumvi adimu. Barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Bendi za dansi tulizisikia katika Redio Tanzania Dar es Salaam tu, na kuziona kwa macho ilikuwa ndoto. Kwa hiyo burudani tulijitengenezea wenyewe: kwaya, ngonjera, vichekesho, na mara moja kwa mwaka mchezo wa kuigiza.

Mwaka ule tulicheza sehemu za Juliasi Kaizari, ule mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri na kuuchapisha mwaka 1963. Ilikuwa mwezi wa Julai, na kila aliyesoma pale anaijua baridi ya Julai katika mji ulioko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Meza za bwalo zilikuwa zimesukumwa ukutani, na karabai mbili zilining'inizwa kwenye boriti. Kwa muda wa wiki nzima mwalimu mmoja alikuwa ametufundisha namna watu waungwana wanavyokaa katika ukumbi wa michezo: usizungumze, usisimame, usile, na mwisho upige makofi. Tukatii. Hata Bruto aliposahau maneno yake akabaki ameduwaa, hakuna aliyecheka. Mchezo ulipokwisha tulipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Baada ya hapo mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye alikuwa mtu wa pwani, alisimama akatuambia kwamba yuko mgeni. Alikuwa amemwalika mzee mmoja kutoka kijiji kilichoko upande wa milima ya Mbizi, msimulizi wa ngano aliyejulikana sana katika vijiji vile. Mzee alikuwa ametembea kwa miguu tangu mchana. Alivaa kabuti kuukuu lililomfika chini ya magoti, na mkononi alishika fimbo.

Alipofika mbele aliiweka fimbo chini, akakunja magoti kidogo, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe.

Ndugu zangu mliozaliwa Ufipa hamhitaji kuelezwa. Kwetu makofi ya namna ile ni salamu. Mtu anapowakuta wenzake, hasa katika shughuli ya heshima, huinama na kupiga makofi, nao humrudishia, ndipo maneno mengine yafuate. Lakini shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba makofi hupigwa mwisho, na hupigwa na watazamaji kumpongeza mchezaji. Basi kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Anajipongeza kabla hajaanza!" Ukumbi mzima ukacheka.

Wafipa tulikuwa wengi mle ndani. Tulijua jibu la salamu ile. Hakuna hata mmoja aliyepiga kofi.

Mzee akaanza. Alisimulia kwa Kifipa, na kijana mmoja wa kidato cha nne akawa anatafsiri. Ilikuwa ngano ya msichana aliyetumwa maji kisimani akakawia kurudi. Mimi niliijua. Bibi yangu aliisimulia jikoni kwake usiku, sisi watoto tumezunguka moto, na mmoja wetu akiwa na kazi ya kuitikia kila sentensi ili bibi ajue kwamba hatujalala. Ngano ilipofika mahali pa wimbo, bibi aliimba mstari wake, nasi tukaitikia. Tusipoitikia, hakuendelea.

Mzee akafika mahali pa wimbo. Akaimba mstari wake, akanyamaza, akatutazama.

Kinywa changu kilikuwa kimekwisha kufunguka. Ndipo rafiki yangu niliyekaa naye, mtoto wa mjini, akanigeukia kunitazama. Nikaona haya. Sikutaka ajue kwamba mimi ni mmoja wa watu wa ngano zile za jikoni. Nikatia vidole viwili kinywani, nikapiga mluzi.

Huo ulikuwa mluzi wa kwanza. Baada yake sikuhitajika tena. Ukumbi uliokuwa kimya kwa ajili ya Kaizari ulilipuka kwa miluzi na zomeazomea, na wengine walichukua vijiko wakagonga sahani za bati. Mzee aliimba mstari wake mara ya pili. Aliimba mara ya tatu, akangoja. Kisha akaokota fimbo yake, akasema kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kawaida, "Ngano haina mtu mmoja." Akatoka.

Ukimya ulitoka wapi

Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba kosa letu lilikuwa kelele. Nilidhani kwamba adabu ya mtazamaji ni kunyamaza, nasi hatukunyamaza, basi. Ni baada ya kuwa mwalimu wa historia na kusoma zaidi ndipo nilipogundua kwamba maelezo hayo hayatoshi.

Kwanza, hata huko Ulaya tulikofundishwa kwamba ndiko unakotoka ukimya, ukimya wenyewe si wa zamani sana. Katika ukumbi wa Globe mjini London, Shakespeare alipokuwa hai, watu wa kiingilio cha chini walisimama uwanjani mbele ya jukwaa, wakila na kunywa huku mchezo unaendelea. Mjini Paris mabwana wenye fedha walikaa juu ya jukwaa lenyewe, katikati ya waigizaji, na katika ukumbi wa Comédie-Française viti hivyo viliondolewa mwaka 1759 tu. Mwaka 1876 Richard Wagner alipofungua ukumbi wake mjini Bayreuth, Ujerumani, taa za upande wa watazamaji zilipunguzwa sana ili macho yote yawe jukwaani. Desturi ya kukaa gizani na kufunga kinywa ilienea polepole katika karne ile ya 19. Kwa hiyo mwalimu wetu alitufundisha desturi ya kigeni ambayo hata kwa wenyewe umri wake si mkubwa.

Na karne ile ile iliona mambo ya kutisha. Mwaka 1846, mjini Edinburgh, mwigizaji Mmarekani Edwin Forrest alikaa kati ya watazamaji akimtazama mwigizaji Mwingereza William Charles Macready akicheza Hamlet. Forrest aliamini kwamba marafiki wa Macready ndio waliomzomea yeye mjini London mwaka uliotangulia. Basi akamzomea Macready, mtu mmoja, kwa mdomo wake mmoja. Magazeti yakalichukua jambo hilo, na ugomvi wa wawili ukawa ugomvi wa mataifa. Tarehe 7 Mei 1849 Macready alipanda jukwaani mjini New York, katika ukumbi wa Astor Place, akatupiwa mayai, viazi na hata viti mpaka akaacha kucheza. Tarehe 10 alirudi. Umati ulizunguka ukumbi ukirusha mawe, askari wakafyatua risasi, na watu wasiopungua 22 wakafa.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza, nilikifunika kitabu nikakaa kimya. Sisemi kwamba mluzi wangu uliua mtu. Nasema tu kwamba nilimtambua yule mtu aliyeanza.

Zamu ya tusi

Jambo la pili ni kwamba katika nchi zetu za Afrika Mashariki watazamaji hawakuwa watu wa kunyamaza, wala wachezaji hawakuwa watu wa kusifiana tu. Tulikuwa na ngoma za mashindano, na mashindano yalikuwa na kejeli kali. Lakini kejeli ilikuwa na utaratibu wake.

Chukua mfano wa Beni. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu. Katika Tanganyika vyama vyake vikubwa viwili vilikuwa Marini na Arinoti. Vilikuwa na vyeo, sare, gwaride na nyimbo za kuusema upande wa pili. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, askari na wapagazi waliibeba Beni mpaka bara. Vita hiyo ilipita mlangoni mwa Ufipa: Waingereza waliiteka ngome ya Bismarckburg, ndiyo Kasanga yetu ya leo, mwezi wa Juni 1916, na Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya Beni mwaka 1975, ameonyesha jinsi ngoma hii ilivyotembea na watu hao mpaka mbali sana na bahari.

Jambo ninalotaka mlione ni hili. Marini walipowaimba Arinoti vibaya, Arinoti walikwenda kutunga. Siku yao ikafika, wakajibu. Sisemi kwamba hawakupigana kamwe, kwani serikali ya kikoloni iliwaogopa kwa sababu hiyo pia. Lakini kanuni ilikuwa kwamba wimbo hujibiwa kwa wimbo. Tusi lilikuwa na zamu, na aliyetukanwa alikuwa na zamu yake.

Mfano wa pili nilipewa na mwenzetu mmoja Msukuma. Wakati tulipokuwa shuleni wafugaji wa Kisukuma walikuwa wakihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, na baadhi ya watoto wao tulisoma nao. Aliniambia kwamba kwao kuna makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, ambayo hushindana baada ya mavuno. Makundi hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja likijitahidi kwa maajabu yake kuwavuta watu. Mshindi ni yule mwenye umati mkubwa zaidi. Hebu fikirini: mtazamaji asiyependezwa hana haja ya kuzomea. Anatumia miguu. Anaondoka hapa anakwenda pale, na mchezaji anajua. Hukumu hiyo ni kali kuliko mluzi, lakini haimzuii mtu kumaliza ngoma yake.

Mfano wa tatu ni taarabu ya Unguja na pwani. Mgeni wa bara akiingia mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba watazamaji wale hawana adabu. Wimbo uko katikati, mama mmoja anainuka kitini, anakwenda mbele akijongea kwa madaha, anamtunza mwimbaji kwa noti, na huenda njiani akamnyooshea mkono au akamtupia jicho hasimu wake aliyekaa pembeni, ili kila mtu ajue kwamba fumbo lile ni lake. Hayo si fujo. Ndiyo kazi yenyewe. Mwimbaji anayangoja, na siku ambayo hakuna aliyeinuka kumtunza ndiyo siku atakayorudi nyumbani na huzuni.

Hata dansi la bendi zetu lilikuwa hivyo hivyo. Mashabiki wa Msondo na mashabiki wa Sikinde walibishana mitaani mchana kutwa, lakini usiku hukumu ilitolewa na sakafu. Kibao kikipendeza, sakafu inajaa. Kisipopendeza, watu wanabaki vitini, na mpiga gitaa anajua la kufanya.

Ukiviweka pamoja vitu hivi vyote, pamoja na jiko la bibi yangu na ile "Paukwa! Pakawa!" ya wenzetu wa pwani, unaona kanuni moja. Mtazamaji ana kazi. Anaitikia, anatunza, anacheza, anahama. Anaweza hata kukosoa, mradi amwachie mwenzake zamu. Ufidhuli ni kuitwaa zamu ya mtu na kumwacha peke yake mbele za watu. Kwa kipimo hicho kosa letu la mwaka 1980 lilianza kabla ya mluzi. Lilianza pale mzee alipopiga makofi na sisi tuliojua jibu tukakaa na mikono mapajani. Wakati huo bwalo halikuwa na kelele nyingi. Kilichokuwapo ni kicheko kidogo na ukimya wa Wafipa.

Kwa nini tuliona haya

Mtu ataniuliza: kwa nini vijana wale wale wakamheshimu Kaizari na kumzomea mzee wao?

Jibu lilikwisha kutolewa kabla hatujaanza darasa la kwanza. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba wengi wa waliosoma walifundishwa ngoma za Wazungu, rumba na waltz na nyinginezo, na kwamba hawakuwahi kuicheza wala hata kuisikia gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Siku hiyo alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Baadaye serikali iliunda kikundi cha ngoma cha taifa, ikaanzisha mabaraza ya muziki na ya sanaa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kikafunguliwa.

Hayo yote yalikuwa mema. Lakini wizara haiwezi kukaa kitini pamoja na kijana wa kidato cha tatu. Sisi tuliimba nyimbo za kusifu utamaduni wetu siku za sikukuu, na siku za kawaida tukachekana kwa lafudhi. Kijana aliyechomoa neno la Kifipa katikati ya Kiswahili chake alitaniwa mpaka usiku. Kuzungumza kama watu wa nyumbani ilikuwa dalili kwamba shule haijakuingia. Tena Juliasi Kaizari wenyewe ulikuwa ushahidi kwamba jambo la mbali laweza kuvikwa Kiswahili likawa letu. Mwalimu Nyerere alifanya kazi hiyo kwa mapenzi. Sisi tulichukua nusu ya somo: tuliupokea ugeni uliovikwa Kiswahili, tukakitupa cha kwetu kilichovaa kabuti.

Na sikilizeni ajabu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu Mwingereza, Roy Willis, alikuja kukaa Ufipa akajifunza lugha na desturi. Aliwasikiliza wasimulizi, akaandika ngano zao, na mwaka 1978 kitabu chake juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa kilichapishwa huko Oxford. Miaka miwili baadaye, saa chache tu kwa miguu kutoka milima ya Mbizi, wajukuu wa wasimulizi wale walikuwa wakigonga sahani za bati.

Watazamaji wa leo

Nisije nikaonekana mzee anayelaumu vijana. Sisi tuliozomea mwaka 1980 leo ndio tunaoitwa wazee, na hatuna haki ya kuwatolea wengine mimacho. Tena si kila hasira ya watazamaji ni ufidhuli. Mwezi wa Agosti 2014, mjini Stuttgart, Ujerumani, watu waliokuwa wamelipa viingilio walimsubiri Diamond Platnumz hadi alfajiri, na hasira ilipowashika wakavunja na kuharibu vyombo. Kuvunja siwezi kukutetea. Lakini aliyelipa naye ana zamu yake, na anayemweka mtu usiku kucha ameitwaa zamu hiyo. Adabu ni ya pande mbili.

Nililoliona kwa macho yangu ni dogo zaidi. Miaka michache iliyopita nilikuwa Sumbawanga kwa ajili ya arusi ya mtoto wa ndugu yangu. Siku hizi lami imefika, na wanamuziki wanafika pia. Palikuwa na kijana mwimbaji, mwenye sauti nzuri. Alipofika kwenye kiitikio aliwageuzia watu kipaza sauti, kama wanavyofanya wote, ili waimbe. Watu karibu wote walikuwa wameinua simu wanapiga picha. Kijana aliushika mkono wake vile vile hewani kwa muda kidogo, akitabasamu. Hakuna aliyezomea. Hakuna aliyefanya jambo lolote baya. Aliurudisha mkono, akaimba kiitikio mwenyewe.

Nilimwona yule mzee wa kabuti.

Safari ya Jumamosi

Nimalizie habari ya mzee, maana wengi wenu hamkujua kilichofuata.

Mkuu wa shule alitugombeza, tukafyeka nyasi siku mbili. Mwalimu wa Kiswahili hakusema neno darasani. Jumamosi aliita vijana wanne, mimi nikiwa mmoja wao, akatupa chumvi na mche wa sabuni, vitu ambavyo wakati ule havikupatikana kwa urahisi hata kwa mwalimu, akatuambia tumpelekee mzee. Mpaka leo sijui kama alijua aliyepiga mluzi wa kwanza.

Tulikwenda kwa miguu. Ulezi ulikuwa umekwisha vunwa. Tulimkuta mzee ameketi juani nje ya nyumba yake. Alipotuona alisimama, akakunja magoti, akatupigia makofi yale yale, sisi watoto tuliomzomea. Safari hii tulimrudishia wote wanne, hata wawili ambao hawakuwa Wafipa waliiga tulivyofanya.

"Shikamoo babu," tukasema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni."

Alipokea zawadi kwa mikono miwili. Mkewe akatupikia ugali wa ulezi na maharage. Mzee alituuliza mmoja mmoja tunatoka wapi na masomo yanaendeleaje. Nilipotaja kijiji chetu alinitazama kwa kitambo.

"Basi wewe unaijua," alisema.

"Ndiyo, babu."

Hakusema zaidi. Akamgeukia mwenzangu akamwuliza juu ya mtihani. Kuhusu usiku ule hakutamka neno, na tulipoondoka alitusindikiza mpaka njia panda. Nimepigwa viboko vingi katika maisha yangu ya shule na nimevisahau. Maneno yale matatu sijayasahau.

Nilirudi katika kijiji kile mwaka 1996, nikiwa nimebeba redio ya kaseti ya kunasia sauti. Mzee alikuwa amekwisha fariki. Bibi yangu naye alikuwa ametangulia. Watoto wa mzee walikumbuka kwamba baba yao alikuwa msimulizi, lakini walisema kwamba katika miaka yake ya mwisho hakupenda tena kualikwa mahali. Sikuwauliza tangu lini.

Nikakaa nikajaribu kuiandika ile ngano mwenyewe. Nakumbuka msichana alitumwa maji. Nakumbuka kisima, na jambo alilolikuta pale. Wimbo naukumbuka wote, mstari wa msimulizi na kiitikio chetu. Lakini jinsi alivyorudi nyumbani, na nani aliyemrudisha, sikumbuki. Bibi alipofika huko mara nyingi nilikuwa nimekwisha kulala, na mzee hatukumpa nafasi ya kufika.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa ndugu wote watakaokuja mkutanoni. La kwanza: Kamati imekubali kwamba usiku wa pili tutenge saa moja kwa ngano za Kifipa na za lugha nyingine za nyumbani kwetu, na wamealikwa wazee wawili kutoka vijijini. Njooni kwa wakati. Simu zikae mifukoni. Mzee akipiga makofi, mrudishieni makofi. Akiimba akanyamaza, itikieni, hata kama maneno hamyajui vizuri. Na atakayechoka atoke polepole kwa miguu yake, kama Wasukuma.

La pili ni langu mwenyewe. Kama yuko mwenzetu ambaye bibi yake aliimaliza ngano ya msichana aliyetumwa maji, namwomba anitafute kabla ya usiku huo. Nitakuwa nimekaa safu ya mbele.